Kwa Nini Tembo wa Keki Hutokwa na Jasho

Tulimtoa kwenye friji saa nane mchana, mwezi Machi, Dar es Salaam. Alikuwa tembo mdogo wa kijivu, ameketi juu ya wingu jeupe kwenye keki ya ghorofa mbili ya bebi shawa ya wifi yangu. Masikio yake niliyafinyanga kwa fondanti usiku kucha. Hazikupita dakika nyingi, paji lake likaanza kung'aa. Tone likajikusanya kwenye ncha ya mkonga, likadondoka, na rangi ya kijivu ikachuruzika juu ya wingu.

"Wifi, mbona huyu analia?" akaniuliza.

Tembo hakuwa akiyeyuka kwa joto. Maji yale hayakutoka ndani ya keki; yalitoka kwenye hewa tuliyokuwa tukiivuta.

Hewa ya pwani imejaa mvuke. Siku yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 25 hivi huugeuza mvuke huo kuwa matone. Hicho ndicho kiwango cha umande cha siku hiyo. Friji ya nyumbani huwa na nyuzi 4 hivi, kwa hiyo tembo wetu alitoka akiwa chini ya kiwango cha umande kwa nyuzi 20 nzima. Chupa ya soda baridi nayo hulowa vivyo hivyo mezani.

Lakini chupa ni ya kioo, haina habari na maji. Fondanti ni sukari ya unga iliyokandwa na glukosi, jelatini na gliserini, na sukari na maji ni marafiki wa kufa na kuzikana. Sukari ya kawaida huanza kulowa na kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85 hivi. Ikichanganywa na glukosi, huanza mapema zaidi. Gliserini nayo huwekwa makusudi ivute maji, ili fondanti isikauke na kupasuka. Kinachoilainisha mikononi mwa fundi ndicho kinachoiponza mbele ya wageni.

Basi keki isiwekwe kwenye friji? Hapo siagi inakataa. Siagi ina mafuta asilimia 80 hivi, nayo husimama kwa sababu sehemu ya mafuta hayo ni fuwele ndogondogo zilizoshikana. Kwenye nyuzi 20 inapakika vizuri. Kadiri joto linavyopanda, fuwele zinapungua, na ikikaribia nyuzi 35 zimekwisha: krimu inateleza, na fondanti iliyo juu yake inashuka nayo. Ndiyo maana fundi wa pwani hupata nafuu akichanganya siagi na mafuta ya mgando, ambayo hustahimili joto zaidi.

Dawa ya jasho ni kuupa umande mahali pengine pa kutua. Iweke keki ndani ya boksi, lizungushie nailoni, ndipo uitie kwenye friji. Ukiitoa, usifungue haraka. Hewa yenye mvuke itakutana na nailoni kwanza, na maji yatabaki nje wakati keki inapoota joto taratibu.

Wanyama na maua yasiingie kwenye friji kabisa. Kanda fondanti yake na kidogo cha unga wa selulosi unaouzwa kwa jina la CMC, uyafinyange siku kadhaa kabla, uyakaushie kwenye chumba chenye kiyoyozi, kisha uyapachike ukumbini. Kiyoyozi hukausha hewa kwa kutumia umande uleule: mvuke hugeuka maji kwenye mabomba yake ya baridi. Ndiyo yale maji yanayodondoka nje ya ukuta.

Kuna jambo moja lililo kubwa kuliko urembo wote: mlaji mkuu wa keki hii ni mama kijacho. Aisingi ya ute mbichi wa yai inaweza kubeba bakteria wa salmonela, na homa na kuhara vinavyoletwa nao ni hatari kwa mjamzito. Pasha ute pamoja na sukari juu ya mvuke wa maji, ukikoroga, mpaka kipimajoto kisome nyuzi 71, ndipo uupige. Au tumia unga wa ute uliokwisha kuuliwa vijidudu kiwandani.

Siku ile sikumfuta tembo, maana kitambaa kingeondoka na rangi yote. Nilimsogeza mbele ya feni na maji yakarudi hewani yalikotoka, ila doa la wingu likabaki. Safari iliyofuata, keki ya mdogo wangu, nilikaa kando ya boksi karibu saa mbili bila kulifungua. Nailoni ilitiririka maji kama dirisha la mvua. Nilipofunua, keki ilikuwa kavu, na tembo nikampachika mwisho kabisa.