Ngazi za Plataea: Kufundisha Takwimu za Awali kwa Kutumia Historia ya Kale

Wanafunzi wengi hukariri kanuni ya wastani bila kutambua ni wakati gani wastani hupotosha. Historia ya Ugiriki ya kale inatoa mfano mwafaka. Katika majira ya baridi ya mwaka 428 K.K., wakazi wa Plataea walikuwa wamezingirwa na majeshi ya Sparta na Boeotia. Ili watoroke, iliwapasa kutengeneza ngazi zenye urefu sawa na ukuta ambao adui aliujenga kuuzunguka mji wao. Mwanahistoria Thucydides anaeleza kwamba watu wengi walihesabu safu za matofali kwa pamoja, tena kwa kurudiarudia, wakitarajia kuwa wachache wangekosea lakini wengi wangepata idadi sahihi. Kipimo walichokitegemea ndicho kiitwacho leo modi.

Darasani, mwalimu aweza kubuni hesabu za watu saba: 30, 29, 30, 23, 31, 30 na 30. Wastani wake ni 29, ilhali modi na namba ya katikati ni 30. Kosa la mtu mmoja aliyepata 23 latosha kuipunguza ngazi kwa tofali moja. Hata hivyo, unene wa tofali ulikadiriwa kwa macho. Kosa katika makadirio hayo lisingesahihishwa kwa kuhesabu upya. Hapo ndipo mwanafunzi hutofautisha kosa la nasibu na kosa la kimfumo. Ngazi zilitosha: watu 212 walifika Athens wakiwa hai.