Turbo kwa Subaru: Usinunue hedi kabla ya kusoma hapa

Umeweka akiba miezi kadhaa, turbo umeipata, na sasa kila mtu kwenye grupu ya WhatsApp ni fundi. Mmoja anakuambia nunua hedi ya STI, mwingine anasema chukua hiyo uliyo nayo uipeleke ikachimbwe matundu yawe mapana. Tulia kwanza kabla hujatuma doo. Turbo mbaya utaitoa kwa siku moja. Hedi isiyofaa huondoka na injini nzima.

Silinda hedi ni kile kifuniko kilicho juu ya bloki. Ndani yake kuna vali, matundu ya kuingiza hewa na kutoa moshi, na kishimo ambamo petroli huwaka. Injini isiyo na turbo huvuta hewa yenyewe, kwa hivyo upana wa matundu ni jambo kubwa. Turbo nayo husukuma hewa kwa nguvu, na itapita hata tundu likiwa la kawaida. Kinachokuua hapa ni joto na presha.

Usiniamini mimi, angalia EJ207 ya Impreza STI ya Japan. Lita 2.0, nguvu za farasi 280, na hedi ni zile zile za kiwandani. Kama ndai yako ni ya kukupeleka job Jumatatu na Naivasha wikendi, hiyo pesa ya kuchimba matundu nunulia gasketi ya chuma ya tabaka kadhaa na boliti mpya. Mimi singefikiria mara mbili.

Sasa tuje kwa kompresheni, mahali ambapo wengi huumia. EJ25 ya kamshafti moja kila upande, isiyo na turbo, ina kompresheni ya 10 kwa 1. EJ20 ya turbo kwenye WRX ni 8 kwa 1. Ukiongeza busti ya maana juu ya ile 10, mchanganyiko huwaka kabla ya wakati wake, injini inaanza kugonga, na pistoni hupasuka. Na kumbuka STI ya Japan ilitengenezewa petroli ya kwao yenye okteni karibu 100. Super ya kawaida hapa kwetu haifiki huko.

Kuna wale wanaopenda kuchanganya: bloki ya 2.5, hedi za turbo za 2.0. Inawezekana, lakini piga hesabu. Silinda moja ya 2.0 ni cc 499 hivi. Kwa kompresheni ya 8, nafasi inayobaki pistoni ikifika juu kabisa ni cc 71. Chukua nafasi hiyo hiyo uiweke juu ya silinda ya 2.5, ambayo ni cc 614. Kompresheni inaruka hadi karibu 9.6. Isitoshe, silinda ya 2.0 ina kipenyo cha milimita 92 na ya 2.5 ni 99.5, kwa hivyo ukingo wa kishimo hubaki umening'inia juu ya silinda. Utahitaji pistoni zenye bakuli la kutosha, na fundi wa mashine anayejua kukitanua kishimo hicho. Kama fundi wako hawezi kukufanyia hesabu hii kwa karatasi, tafuta mwingine.

Ukienda Grogan au Kirinyaga Road kutafuta hedi iliyotumika, beba rula ya chuma iliyonyooka na fila geji. Hedi ni aluminiamu, na injini ikichemka hata mara moja inaweza kupinda. Sehemu moja ya kumi ya milimita tayari ni nyingi. Tazama vizuri kati ya vali za moshi, ndipo nyufa hupenda kuanzia, kisha ilipie ipimwe kwa presha kabla ya kufungwa. Uliza pia kama imewahi kuskimiwa, kwa sababu kila ukiikwangua kompresheni inapanda. Subaru ina hedi mbili. Usikubali ya kushoto iliyokwanguliwa sana na ya kulia ambayo haijaguswa, upande mmoja utakuwa na kompresheni tofauti na mwingine.

Kitu kingine watu wa Nairobi husahau ni mwinuko. Tuko mita kama 1,700 juu ya bahari, na presha ya hewa hapa ni karibu moja ya tano chini ya ile ya Mombasa. Gari likituniwa Nairobi kwa busti ya bar 1, silinda zinapata jumla ya takriban bar 1.8. Teremka nalo hadi Nyali, geji bado itasoma 1, lakini jumla sasa ni 2, na joto la Pwani liko juu yake. Kama wewe ni mtu wa Pwani kila likizo, mwambie fundi mapema ili kompresheni ibaki chini na tuni iachiwe nafasi.

Na ukibadilisha bloki, logibuku ina namba ya injini na cc zake. Hizo pia zibadilishwe, na kampuni ya bima ijulishwe gari limewekwa turbo.