"Joto" na "Halijoto" katika Hesabu ya Mwili wa Mgonjwa Aliyepewa Nusukaputi

Katika mazungumzo ya kila siku neno joto hubeba maana mbili: ule moto uliomo ndani ya kitu, na kiwango kinachosomwa katika kipimajoto. Kwa maana hii ya pili liko neno halijoto, ingawa wengi hulihesabu kuwa pambo la vitabu vya sayansi. Chumba cha upasuaji chaonyesha kwamba tofauti hiyo si pambo hata kidogo.

Kiini cha mwili wa mtu mzima mwenye afya, yaani kichwa, kifua na tumbo, huwa na halijoto ya nyuzi 37 hivi za Selsiasi. Mikono na miguu huwa pungufu kwa nyuzi 2 hadi 4, kwa sababu mishipa midogo ya ngozini hujifinya na kuizuia damu ya kiini isiende huko kwa wingi. Nusukaputi hulegeza mishipa hiyo. Damu huenea viungoni, na katika saa ya kwanza halijoto ya kiini huweza kushuka kwa nyuzi 1 hadi 1.5. Atazamaye husema mgonjwa amepoteza joto. Kumbe sehemu kubwa ya joto hilo ingali mwilini, imehama tu. Ni kama sufuria ya maji ya moto iliyomiminwa katika pipa la maji baridi: joto limeenea, halijoto imeshuka.

Kipimajoto kimoja hakiwezi kudhihirisha uhamaji huo, na hapo ndipo hesabu ya kompyuta inapofaa. Mwaka 1948 Harry Pennes alitoa mlinganyo unaoeleza jinsi damu inavyopeleka joto katika nyama ya mwili. Mwaka 1971 J. A. J. Stolwijk, katika kazi iliyochapishwa na NASA, shirika la anga la Marekani, aliugawa mwili katika sehemu sita. Kila sehemu ilikuwa na matabaka manne: kiini, misuli, mafuta na ngozi, nayo damu ikawa fungu la 25. Sehemu hizo zilitenga mkono na kiganja chake, na mguu na wayo wake, mambo ambayo Kiswahili mara nyingi huyataja kwa neno moja. Kompyuta hujumlisha joto linaloingia na kutoka katika kila fungu, kisha hutoa halijoto yake. Ili kumwiga mgonjwa aliyepewa nusukaputi, hushushwa kile kiwango ambacho mishipa huanza kujifinya.

Faida yake si ya hesabu tu. Mwaka 1996 Kurz, Sessler na Lenhardt walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 200 waliopasuliwa utumbo mpana. Vidonda viliambukizwa kwa asilimia 19 ya walioachwa wapoe, na kwa asilimia 6 ya waliopashwa joto.

Basi mwanafunzi wa uuguzi anayesoma kwamba "joto limepotea" atatafuta blanketi baada ya kisu kuanza kazi. Anayesoma kwamba "halijoto ya kiini imeshuka kwa kuwa joto limehamia viungoni" atafahamu kwa nini yafaa kuipasha moto mikono na miguu ya mgonjwa kabla ya kumpa nusukaputi: viungo vikiwa vimekwisha pata joto, kiini hakitatozwa joto lake.