Kutoka Uvinza Kushuka Ujiji

Ziko njia mbili kuu zimfikishazo mtu Kigoma kwa gari: moja hutoka kaskazini, ikapita Kibondo na Kasulu katika nyanda za juu za Buha, na ya pili hutoka Tabora, ikavuka Mto Malagarasi kwa Daraja la Kikwete, ikapita Uvinza, hata zikakutana Kidahwe, kilomita zisizozidi 30 kabla ya mji. Wengi huisifu ile ya Kasulu kwa baridi yake na migomba yake, wala sisemi kwamba wamekosea. Walakini mimi naifadhilisha hii ya Uvinza, kwa kuwa vilima na misitu yake ndiyo waliyoipita wapagazi wa pembe na wachukuzi wa chumvi kabla lami haijajulikana katika nchi hii.

Uvinza yenyewe, kwa atazamaye dirishani, ni mji mdogo wa reli, na dereva aghalabu husimama hapo kwa ajili ya chai tu. Ama aijuaye habari yake hushuka kwa adabu. Kandokando ya Mto Ruchugi, karibu na mahali unapoingia Malagarasi, ziko chemchemi zitoazo maji ya chumvi, na wataalamu wa mambo ya kale waliofukua hapo katika miaka ya 1960 walikuta vigae na meko vinavyoshuhudia kwamba watu walikuwa wakiyatokosa maji hayo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Ilikuwa kazi ya kiangazi: mvua zikikoma, watu wa nchi za jirani walikuja wakapiga vibanda, wakachota, wakachemsha katika vyungu mpaka maji yakauke yabaki maganda meupe, kisha wakamtolea mwenye nchi fungu lake, wakarejea kwao na mizigo, na chumvi ile ikauzwa mbali katika nchi za Maziwa Makuu. Wajerumani nao walipofika hawakuipuuza. Walijenga kiwanda wakakiita Gottorp.

Baada ya Uvinza barabara huingia katika vilima, ikipanda na kushuka na kupinda, na pande zote mbili ni miombo: mitundu, mininga na jamii zake, miti isiyo mirefu ya kutisha wala mizito ya kuziba jua, bali yenye nafasi chini yake mtu akaona mbali. Kama msafiri ana hiari ya wakati, na achague Septemba au Oktoba, kabla ya mvua, majani mapya yanapochipua mekundu kama shaba iliyosuguliwa, hata mgeni akadhani msitu umeungua, kumbe ndio kwanza unaamka. Mvua zikinyesha huja uyoga. Na asali ya nyuki wa misitu hii ni bora kuliko ile ya madukani, japokuwa chupa yake haina lebo.

Misafara ya zamani haikuwa na raha hiyo. Wavushaji wa Malagarasi walidai hongo, na baada yao wakuu wa Buha wakadai yao, kila mmoja kwa mpaka wake. Henry Morton Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, alilipa akachoka kulipa, na mwishowe akatoroka na watu wake usiku, wakajipenyeza msituni kimya kimya. Nadhani mwenye nchi angekuwa na lake la kusema juu ya mgeni huyo.

Jambo la ajabu la njia hii ni kwamba vilima hulificha ziwa mpaka saa ya mwisho. Tarehe 13 Februari 1858 mpelelezi Mwingereza Richard Burton alikifikia kilima kimoja cha mwisho, akiwa dhaifu kwa maradhi, na mwenzake John Speke akiwa hana macho ya kuonea, akaona mstari wa nuru chini akauliza ni nini; Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kupelekwa utumwani Bara Hindi, akamjibu kwamba ndiyo maji. Burton alivunjika moyo, akidhani ni dimbwi, hata aliposogea hatua chache miti ikaacha nafasi akaliona ziwa zima. Hakujua kwamba mbele yake yako maji yenye urefu wa kilomita 673, na kina ambacho duniani hupitwa na Baikal peke yake.

Siku hizo mwisho wa njia ulikuwa Ujiji. Reli ilipowasili mwaka 1914 iliichagua Kigoma, kwa sababu ghuba yake ina kina na kinga ya upepo, na pwani ya Ujiji ni ya mchanga, iliyo wazi kwa mawimbi. Fauka ya hayo, katika miaka ya 1870 maji ya ziwa yalijifungulia njia ya Mto Lukuga upande wa Kongo, yakapungua. Ndiyo maana ukumbusho wa Livingstone na Stanley, uliowekwa walipokutana hapo Ujiji, umesimama leo mbali na ufuko, na wageni hushangaa. Baada ya kuuzuru, teremka ufukweni, ambako mafundi wa Ujiji wangali wakiunda boti za mbao kwa mikono. Nawe ukitaka dagaa, uliza bei asubuhi, kwani wavuvi hurejea alfajiri na wachuuzi hawamngoji aliyelala.