Kisanduku cha intaneti sebuleni: Kinamfaa nani Kilwa na Lindi?

MKAZI wa Kilwa Masoko au Lindi mjini anayetaka kutazama mechi ya Simba na Yanga bila kwenda kubanana kwenye kibanda umiza ana njia mbili. Ya kwanza ni kingamuzi cha antena au dishi, ambacho familia nyingi zimekwisha kukizoea. Ya pili ni kisanduku kidogo kinachounganishwa na intaneti, ambacho madukani hujulikana zaidi kwa jina la 'TV box'.

Kisanduku hicho hununuliwa mara moja, hakihitaji nguzo wala fundi wa dishi, na baadhi ya wauzaji humweleza mnunuzi kuwa hatalipia tena kifurushi cha mwezi. Swali ambalo familia ya pwani ya kusini inapaswa kujiuliza kabla ya kutoa fedha ni kama gharama hiyo imeondoka kweli, au imehama tu kutoka kwenye kingamuzi na kuingia kwenye bando.

Tofauti ya vifaa hivi viwili

Kingamuzi hupokea mawimbi yanayorushwa kutoka kwenye mnara au setilaiti. Mawimbi hayo hufika yakitazamwa yasitazamwe, na familia inayowasha runinga saa kumi kwa siku hailipi zaidi ya ile inayoiwasha saa moja.

Kisanduku cha intaneti hufanya kazi kwa namna nyingine. Huomba picha kutoka kwenye kompyuta za mtoa huduma, kipande baada ya kipande, na kila kipande hupita kwenye bando la mwenye nyumba. Kwa hiyo kila saa ya kutazama ina bei yake.

Kampuni ya Netflix, ambayo huduma yake ilianza kupatikana Tanzania Januari 2016, inaeleza kuwa saa moja ya kutazama kwa ubora wa kawaida hutumia takriban GB 1, na kwa ubora wa juu wa HD hufikia GB 3. Kasi inayopendekezwa kwa picha kamili ya HD ni megabiti 5 kwa sekunde.

Mwaka 2022 Serikali ilieleza kuwa bei elekezi ya MB moja ni kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35. Kwa bei hiyo ya chini kabisa, GB 1 ni takriban shilingi 2,080. Mechi moja ya saa mbili kwa ubora wa HD ingemgharimu mtazamaji zaidi ya shilingi 12,000. Familia inayotazama saa mbili kila siku ingetumia GB 60 kwa mwezi kwa ubora wa kawaida, sawa na takriban shilingi 125,000.

Hesabu hiyo hubadilika kabisa kwa nyumba yenye huduma ya intaneti ya bei moja kwa mwezi isiyo na kikomo cha GB. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika katika mikoa ya Lindi na Mtwara, lakini mkongo kufika makao makuu ya mkoa si sawa na waya kufika mlangoni. Anayeishi mjini anaweza kuwa na fursa hiyo ilhali ndugu yake aliye kijijini hana.

Mwenye kisanduku si mwenye chaneli

Watanzania wamewahi kupata somo kuhusu ununuzi wa vifaa vya namna hii. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa jijini Dar es Salaam Desemba 31, 2012, kabla ya zamu ya miji mingine mwaka 2013, na wananchi wakalazimika kununua ving'amuzi. Agosti 2018, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizuia chaneli za ndani za kutazamwa bure kurushwa kupitia ving'amuzi vya kulipia vya setilaiti, kwa maelezo kuwa leseni za kampuni hizo hazikuruhusu. Waliokuwa wamenunua dishi kwa ajili ya chaneli hizo walibaki na kifaa kizima kisichoonyesha walichokitaka.

Kisanduku cha intaneti kina hali hiyo hiyo. Mwaka 2021 Azam Media na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) zilisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo ya Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Maana yake ni kwamba shabiki wa Namungo ya Ruangwa, timu ya mkoa wa Lindi iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, hawezi kuipata ligi hiyo kihalali kwa sababu tu amenunua kisanduku. Atahitaji kulipia programu ya mwenye haki, kisha alipie na bando la kuipitishia.

Kipato cha msimu, bili ya kila mwezi

Suala jingine linaihusu zaidi pwani hii kuliko miji mikubwa. Mkulima wa Lindi hupata fedha nyingi kwa mkupuo: minada ya ufuta hufanyika katikati ya mwaka, na ya korosho huanza kuelekea mwishoni mwa mwaka. Mvuvi naye hutegemea bahari, na upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu chombo hubaki ufukweni.

Ndiyo maana ni rahisi kununua kifaa baada ya mnada na vigumu kukilisha miezi minne baadaye. Kingamuzi cha antena kisicholipiwa bado huweza kuonyesha chaneli za bure, pale mawimbi yanapofika. Kisanduku kisicho na bando hakionyeshi chochote isipokuwa kilichohifadhiwa ndani yake au kwenye flashi.

Siku intaneti inapokatika

Mei 2024 ilitoa mfano wa wazi. Kimbunga Hidaya kilipiga pwani ya kusini mwanzoni mwa mwezi huo, na mafuriko yakakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi wilayani Kilwa, likiwamo eneo la Somanga. Siku chache baadaye, Mei 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora nchini na katika nchi jirani. Aidha, kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilikatwa nchini kote na kurejea Novemba 3.

Katika siku kama hizo ndipo familia huhitaji zaidi taarifa ya habari na utabiri wa hali ya hewa, hasa nyumba yenye mtu aliye baharini. Kingamuzi na redio havitegemei nyaya hizo kumfikia mtazamaji au msikilizaji.

Tahadhari kwa vya bei poa

Visanduku vinavyonadiwa kuwa vina 'chaneli zote bure' vinahitaji uangalifu wa pekee. Mbali na kuvunja haki za wenye matangazo na kuweza kuzimika wakati wowote, baadhi huja na programu hasidi. Juni 2025 Shirika la Upelelezi la Marekani (FBI) lilionya kuhusu BADBOX 2.0, inayoingizwa kwenye visanduku na vifaa vingine vya bei nafuu, wakati mwingine kabla havijauzwa, na kuwawezesha wahalifu kuutumia mtandao wa nyumba ya mtu kwa shughuli zao. Mwezi uliofuata, Google ilifungua kesi Marekani ikieleza kuwa vifaa zaidi ya milioni 10 vimeathirika.

Dalili ya kutilia shaka ni kisanduku kinachomtaka mnunuzi kuzima ulinzi wa Google Play Protect, au kisicho na jina la mtengenezaji anayefahamika. Kisichothibitishwa pia huweza kuonyesha filamu za kulipia kwa ubora hafifu hata kasi ikiwa kubwa.

Nani anunue?

Mwenye runinga ya kisasa inayoingia intaneti yenyewe hana haja ya kisanduku. Mwenye runinga ya chogo ahakikishe kwanza kuwa kisanduku kina tundu la waya wa zamani, kwani vingi hutumia HDMI pekee.

Kabla ya kununua, familia inaweza kufanya jaribio lisilo na gharama kubwa: kuweka simu mahali runinga ilipo, saa mbili usiku wakati mtandao una watumiaji wengi, na kutazama video kwa saa moja huku ikiangalia bando limepungua kiasi gani. Matokeo hayo yakizidishwa kwa saa za mwezi mzima yatatoa jibu la uhakika kuliko maneno ya dukani.

Kwa nyumba yenye intaneti ya bei moja kwa mwezi, kisanduku kilichothibitishwa ni nyongeza nzuri. Kwa inayotegemea bando la simu, fedha hizo zina manufaa zaidi zikibaki kwenye kingamuzi. Na kwa yeyote aishiye katika pwani hii, kisanduku kisiwe sababu ya kung'oa antena.