Utafiti wa Moyo wa Jackson

Utafiti wa Moyo wa Jackson ni utafiti wa muda mrefu kuhusu magonjwa ya moyo na mishipa ya damu miongoni mwa Wamarekani Weusi wa Jackson na maeneo ya jirani, katika jimbo la Mississippi, Marekani. Magonjwa hayo huwaua Weusi kwa kiwango kikubwa kuliko Wazungu nchini humo.

Kati ya miaka 2000 na 2004 watu wazima 5,306 walijiunga na kupimwa. Kazi iligawanywa kati ya Kituo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi na vyuo viwili vyenye historia ya kusomesha Weusi: Jackson State na Tougaloo.

Kikwazo kimoja kilikuwa ukosefu wa imani. Huko Tuskegee, Alabama, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, watafiti wa serikali waliwaacha mamia ya wanaume Weusi wenye kaswende bila matibabu, wakiwaficha ukweli. Kwa hiyo kabla ya uandikishaji, wenyeji wa Jackson waliulizwa ni mambo gani huwafanya watu wakubali au wakatae kushiriki, na majibu yao yaliongoza namna ya kuwaalika washiriki.