Printa Imegoma? Usiguse Ulinzi wa Kerneli

Msimu wa wageni unapopamba moto, kati ya Juni na Oktoba, ofisi za safari za hapa Karatu huniuliza swali lilelile: ile swichi ya Memory Integrity inazimwa wapi, maana printa imegoma. Magari yanatakiwa yawe lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, asubuhi na mapema, karatasi za wageni hazijachapwa, na tayari kuna mtu Arusha aliyewahakikishia kwamba ulinzi wa kumbukumbu wa Windows ndio mchawi. Sio. Kuzima swichi hiyo hakuponyi printa, na anayeuza dawa hiyo hajui draiva ya printa inakaa wapi.

Inakaa nje ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji. Tangu Windows Vista, iliyoingia madukani Januari 2007, Microsoft haikubali tena draiva za printa kufanya kazi ndani ya kerneli. Draiva uliyopakua kwa mtengenezaji inaendeshwa na huduma ya uchapaji, kwenye kumbukumbu ya programu za kawaida. Swichi mnayoisumbua inalinda kumbukumbu ya kerneli peke yake. Kwenye printa ya USB kipo kipande kidogo kinachopita kernelini, lakini hicho ni cha Microsoft wenyewe, kimo ndani ya Windows, na hakina ugomvi wowote na ulinzi huo.

"Lakini fundi, niliizima na ikachapa!" Ndiyo, ilichapa kwa sababu uliwasha upya kompyuta. Mabadiliko ya swichi hiyo hayaanzi kazi mpaka kompyuta iwashwe upya, na kuwasha upya huko ndiko kulikoamsha huduma ya uchapaji iliyokuwa imekwama. Nikisema hivyo naambiwa walikuwa wameshazima na kuwasha mara kadhaa bila mafanikio. Nawaamini kabisa. Laptopu nyingi za Windows zina mtindo wa kuwaka haraka: ukichagua Shut down, kerneli na huduma zake huhifadhiwa kwenye diski kama zilivyo, kisha asubuhi hurudishwa zilezile pamoja na ugonjwa wao. Anayeanza upya kweli ni yule aliyechagua Restart. Kwa hiyo tiba ilikuwa Restart, sifa ikapewa swichi, na ofisi ikabaki bila ulinzi kwa msimu mzima.

Na nani anarudi kuiwasha? Sijamwona. Kompyuta hizo zina nakala za pasipoti za wageni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayezitunza azilinde.

Kinachozimwa hapo ni nini hasa? Tuanze na Linux, kwa kuwa mambo yake yako wazi kwa kila mtu. Moduli, yaani kipande kama draiva kinachoongezwa kernelini, inapopakiwa, kerneli haiikaribishi papo hapo. Inakagua saini yake ya kidijitali, kama sharti hilo limewekwa, inaitengea kumbukumbu, kisha inarekebisha anwani zilizomo ili moduli iweze kuita kazi za kerneli. Mpaka hapo kurasa zake bado zinaandikika, kwa sababu ni lazima zirekebishwe. Urekebishaji ukiisha ruhusa zinagawanywa: kurasa za msimbo zinatekelezeka lakini haziandikiki tena, kurasa za data zinaandikika lakini hazitekelezeki. Ndipo moduli inapoingia katika hali ya kupakiwa, msimbo wake wa kuanzia unaendeshwa, na ukifaulu moduli inakuwa hai. Hali hizo utaziona kwenye faili la /proc/modules: Loading, Live, na Unloading inapoondolewa. Utaratibu huu haukuwekwa kwa urembo. Mvamizi akipata ukurasa mmoja wa kerneli ambao yeye anaweza kuuandika na prosesa inaweza kuutekeleza, kompyuta si yako tena, na programu ya kupambana na virusi iliyo juu yake itaona kile tu anachotaka ione.

Memory Integrity inakwenda mbele zaidi. Madaraka ya kutoa ruhusa hizo yanaondolewa kernelini na kukabidhiwa hipavaiza, programu iliyo chini yake. Ukurasa wa kerneli hautekelezeki kabla saini haijathibitishwa, na ukishatekelezeka hauandikiki. Hata kerneli ikivamiwa, haiwezi kujiandikia kibali.

Draiva zinazokataliwa na Memory Integrity kihalali zipo, nyingi zikiwa za zamani. Mojawapo maarufu ni wdcsam64_prewin8.sys ya diski za nje za Western Digital, diski ambazo wapiga picha wa kreta wanazo kila mahali. Diski haiihitaji. Inasomeka kwa draiva ya USB iliyomo ndani ya Windows, kwa hiyo iondoe draiva hiyo na picha zako zitabaki palepale.

Wapo pia wanaosema saini inatosha. Haitoshi. Mwaka 2022 kundi la wahalifu wa mtandao la BlackByte lilitumia RTCore64.sys, draiva halali yenye saini iliyokuja na programu ya MSI Afterburner, kupitia kasoro iliyosajiliwa CVE-2019-16098. Waliifikia kumbukumbu ya kerneli, wakazipofusha programu za ulinzi, ndipo wakafunga mafaili na kudai fedha. Windows ina orodha ya draiva za aina hiyo zilizopigwa marufuku, na Memory Integrity ikiwaka, orodha hiyo hutekelezwa kwa lazima.

Sasa ya kufanya, na tuyamalize haraka. Printa imekwama: Restart. Ikirudia, simamisha huduma ya Print Spooler, futa kazi zilizo kwenye foleni, iwashe tena. Draiva ya printa inakataa kusakinika: ingia kwa akaunti ya msimamizi, maana tangu Agosti 2021, baada ya kasoro ya PrintNightmare, Windows inadai hivyo. Unanunua printa mpya: chukua yenye nembo ya Mopria, haitakudai draiva ya ziada. Swichi inakataa kuwaka: fungua Windows Security, Device security, kisha Core isolation, usome jina la draiva inayolalamikiwa, tafuta toleo jipya kwa mtengenezaji, na likikosekana iondoe kwa amri ya pnputil. Mashine imekuwa nzito: hapo kuna ukweli kidogo, kwani prosesa za Intel kabla ya kizazi cha 7 na za AMD kabla ya Zen 2 huubeba ulinzi huu kwa shida. Angalia prosesa kabla ya kulipia laptopu iliyotumika. Na wenye Linux ya Ubuntu, moduli ikikataa kutoka, tafuta kwa lsmod nani bado anaitumia. Msiing'oe kwa rmmod -f.